Radoni ndani ya nyumba na moshi wa sigara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya mvutaji sigara anayeishi katika nyumba yenye radoni, na kwa ajili ya wote wanaolala chini ya paa moja naye. Mara nyingi mambo haya mawili huelezwa mbalimbali. Mpimaji wa nyumba huzungumzia gesi, daktari huzungumzia sigara, na hakuna anayemwambia mtu kwamba pafu linalopokea vyote viwili ni lile lile. Hapa tunavijibu kwa pamoja, kwa sababu hatari yake haieleweki vikitenganishwa.

Radoni ni nini, na inaingiaje ndani?

Ni gesi ya asili yenye mionzi. Haina rangi, harufu wala ladha. Inatokana na urani, metali ya asili yenye mionzi, iliyomo kwenye miamba na udongo karibu kila mahali duniani: urani humeguka polepole ikazaa radiamu, na radiamu nayo ikazaa radoni. Kwa kuwa ni gesi, hupenya kwenye vinyweleo vya udongo na kupanda juu.

Nje hutawanyika upesi. Ndani ya nyumba mambo ni mengine. Hewa ya ndani ikiwa na joto kuliko ya nje hupanda na kutokea juu, na nyumba hubaki ikifyonza hewa ya ardhini kupitia nyufa za sakafu, mapengo kando ya mabomba, na matundu ya matofali. Ndiyo maana vyumba vilivyogusana na ardhi, hasa vilivyochimbwa chini ya usawa wake, kwa kawaida huwa na radoni nyingi kuliko vya juu, na kiwango hupanda usiku na wakati wa baridi madirisha yakiwa yamefungwa. Radoni ndiyo inayochangia takriban nusu ya mionzi yote ya asili anayoipata binadamu wa kawaida.

Nitajuaje kama nyumba yangu inayo? Hatuoni dalili yoyote.

Hamtaona. Radoni haiwashi macho, haileti kikohozi, haiumizi kichwa. Desemba 1984, huko Pennsylvania, Marekani, mhandisi aitwaye Stanley Watras alikuwa akiliza ving'ora vya mionzi katika kituo cha nyuklia cha Limerick alipokuwa akifanya kazi, ilhali kituo chenyewe kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Chanzo kilikuwa radoni ya nyumbani kwake. Kiwango kilikuwa takriban bekereli 100,000 kwa kila meta ya ujazo ya hewa, na familia ilikuwa ikiishi humo bila kuhisi kitu. (Bekereli moja ni atomu moja kumeguka kila sekunde.) Nyumba ya namna hiyo ni nadra mno, lakini jambo moja ni sawa kwa nyumba zote: bila kifaa cha kupimia hakuna ajuaye.

Kama ni gesi tu, mapafu yanadhurikaje?

Radoni yenyewe, ukiivuta, sehemu kubwa hutoka tena unapotoa pumzi. Wabaya ni wazaliwa wake. Nusu ya radoni humeguka ndani ya siku 3.8, na kinachobaki si gesi tena bali chembe ndogo sana za metali: poloni-218, risasi-214, bismuthi-214 na poloni-214. Hizi hunata. Hunata kwenye vumbi, kwenye moshi, na kwenye kuta za njia za hewa mapafuni. Zikishatua hapo, mlolongo huo humalizika kwa muda mfupi, nyingi ndani ya saa moja au zaidi kidogo, na mwili hauwahi kuzifagia zote.

Aina mbili za poloni hizo hutoa chembe za alfa, yaani mionzi yenye nguvu nyingi lakini isiyofika mbali. Karatasi moja huweza kuzuia chembe ya alfa, na ngozi yako pia. Ila ndani ya bronkasi, mirija ya hewa mapafuni, hakuna ngozi. Chembe hiyo husafiri umbali usiofika sehemu ya kumi ya milimita, na nguvu zake zote huziacha katika seli chache zilizo njiani, ikikata nyuzi zote mbili za DNA mahali pamoja. Mkato wa namna hiyo ni mgumu kurekebika sawasawa. Seli ikiokoka na kosa ndani yake, huenda miaka mingi baadaye ikawa mwanzo wa saratani. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka radoni katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa tumbaku ulikuwa umewekwa humo miaka miwili kabla.

Radoni na sigara zikikutana, hatari hujumlishwa tu au huzidishwa?

Hili ndilo swali kubwa, na ningeomba ulisome jibu lake hata kama utaacha mengine.

Mwaka 2005 watafiti walikusanya tafiti 13 za nchi za Ulaya, zenye wagonjwa 7,148 wa saratani ya mapafu na watu wengine 14,208 wa kulinganisha nao. Matokeo yake yanasaidia kuona picha. Chukua watu 1,000 ambao hawajawahi kuvuta kamwe. Wakiishi mahali pasipo na radoni kabisa, karibu 4 kati yao watakuwa wamekufa kwa saratani ya mapafu kabla ya kutimiza miaka 75. Kwenye bekereli 100 kwa meta ya ujazo wanakuwa 5. Kwenye bekereli 400 wanakuwa 7.

Sasa chukua wavutaji 1,000 wa sigara 15 hadi 24 kwa siku. Bila radoni, karibu 100 hufa kwa ugonjwa huo. Kwenye bekereli 100 hufika karibu 120. Kwenye bekereli 400 hufika 160.

Tazama tofauti. Radoni ile ile, kiwango kile kile cha 400, iliongeza vifo 3 kwa wasiovuta na vifo 60 kwa wavutaji. Kama hatari mbili zingekuwa zinajumlishwa tu, wavutaji wangefika 103, si 160. Radoni haichagui: humwongezea kila mtu takriban sehemu ile ile ya hatari aliyokuwa nayo tayari, kadiri ya asilimia 16 kwa kila ongezeko la bekereli 100. Asilimia hiyo ikiangukia hatari ndogo, nyongeza ni ndogo. Ikiangukia hatari ambayo sigara imeshaikuza mara ishirini na tano, matokeo yake ni msiba.

Takwimu za wachimba migodi, zilizochambuliwa Marekani katika BEIR VI, ripoti maarufu ya wanasayansi kuhusu madhara ya radoni, zinaonyesha kitu kilicho karibu na hicho: athari ya pamoja huzidi jumla ya athari mbili, ingawa haifiki kuzidishwa kamili. Wataalamu wanaweza kubishana juu ya hesabu ipi inafaa zaidi. Kwa mtu aliye na pakiti mfukoni na radoni sebuleni, mabishano hayo hayabadilishi la kufanya.

Kwa nini iwe hivyo? Sigara inafanya nini mapafuni hata radoni ipate nguvu zaidi?

Sababu ni kadhaa na zinasaidiana. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo vinavyopiga makasia mfululizo, vikisukuma ute na uchafu juu kuelekea kooni. Moshi huvidumaza na kuviua, kwa hiyo chembe zenye mionzi hukaa pale pale kwa muda mrefu zaidi. Moshi pia huchubua utando wa ndani, na seli hulazimika kugawanyika mara nyingi ili kuuziba. Seli inayogawanyika kwa haraka haina nafasi ya kukarabati DNA iliyokatwa na alfa, hivyo kosa hurithishwa.

Halafu kuna sumu zenyewe. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani, zikiwemo benzopirini na nitrosamini za tumbaku. Hizi hushambulia DNA kwa njia yao. Saratani huhitaji makosa kadhaa kurundikana katika seli moja, na hapa seli inapigwa na maadui wawili wanaotumia silaha tofauti.

Nimesikia sigara zenyewe zina mionzi. Ni kweli?

Ni kweli. Majani ya tumbaku hukusanya risasi-210 na poloni-210, baadhi kutoka kwenye udongo na mbolea za fosfeti, na baadhi kutoka hewani, ambako ni masalia ya radoni ile ile. Sigara ikiwashwa, poloni huvukizwa na kuingia na moshi. Ni sehemu ndogo tu ya madhara ya sigara, lakini ipo, na kichungi hakiiondoi.

Tunajuaje yote haya? Isije ikawa ni hesabu za kompyuta tu.

Ushahidi wa kwanza uliandikwa kwa miili ya wachimba migodi. Katika milima iliyo mpakani mwa Ujerumani na Jamhuri ya Cheki, maeneo ya Schneeberg na Jáchymov, wachimbaji walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa kifua tangu karne ya 16. Mwaka 1879 madaktari Härting na Hesse walionyesha kwamba ulikuwa uvimbe wa saratani. Wakati huo sigara za viwandani zilikuwa bado hazijaenea, kwa hiyo hakuna awezaye kusema ilikuwa tumbaku peke yake. Baadaye wachimba urani wa Marekani, wakiwemo wengi wa Wanavajo, jamii ya wenyeji asilia wa Marekani, ambao kwa desturi walivuta kidogo sana, walipatwa na yale yale.

Hao walivuta radoni nyingi kuliko yeyote aliye nyumbani. Ndiyo maana tafiti za nyumba, kama ile ya Ulaya niliyoitaja na nyingine ya Amerika Kaskazini ya mwaka huo huo wa 2005, zilikuwa muhimu: zilionyesha hatari hiyo moja kwa moja katika nyumba za kawaida, bila kukisia kutoka migodini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba radoni husababisha asilimia 3 hadi 14 ya saratani zote za mapafu, kutegemea wastani wa radoni nchini na wingi wa wavutaji. Nchini Marekani makadirio ni vifo 21,000 kwa mwaka, na karibu 2,900 kati ya hivyo ni vya watu ambao hawakuwahi kuvuta.

Mimi sivuti, ila mwenzangu huvuta humu ndani. Nipo upande gani?

Upo katikati, na hukuchagua kuwepo hapo. Kuishi na mvutaji huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa asiyevuta kwa asilimia 20 hadi 30, na radoni hupandia juu ya hatari hiyo iliyokwisha kuongezeka.

Wengine huuliza kama moshi chumbani huzibeba zile chembe za mionzi. Huzibeba. Chembe zilizonata kwenye moshi hubaki zikielea badala ya kugandia ukutani, kwa hiyo hewani zinakuwa nyingi. Kwa upande mwingine, zile zilizo huru hutua mapafuni kwa urahisi zaidi kuliko zilizonata. Mambo hayo mawili huvutana, na si hapo penye hatari kuu. Hatari kuu ni kwamba moshi wa mwenzako unaziumiza seli zile zile zinazopigwa na alfa.

Watoto wasisahauliwe. Kila mwaka wa radoni huhesabika katika jumla ya maisha, na mtoto ana miaka mingi mbele yake. Vilevile, anayekulia kwenye nyumba ya wavutaji ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mvutaji mwenyewe.

Na nikivutia nje?

Umewasaidia wa nyumbani, na ni jambo jema. Wewe mwenyewe hujajisaidia: moshi umeingia mapafuni mwako, kisha unarudi ndani kulala kwenye radoni. Vitu hivi viwili havihitaji kukutana hewani. Vinakutana ndani yako.

Nikiondoa radoni, naweza kuendelea kuvuta? Au nikiacha kuvuta, radoni ina haja gani?

Rudi kwenye zile takwimu. Mvutaji akishusha radoni kutoka bekereli 400 hadi 100, hatari yake hushuka kutoka 160 hadi karibu 120 kwa kila 1,000. Ni vifo 40 vilivyozuiwa, si haba hata kidogo. Lakini 120 bado ni wengi mno. Sigara ndiyo mzigo mkubwa, na kuacha ndiko kunakookoa zaidi.

Kuacha kunalipa katika umri wowote. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 ulionyesha kwamba kati ya wanaume wanaoendelea kuvuta, karibu asilimia 16 hufa kwa saratani ya mapafu kabla ya miaka 75. Walioacha wakiwa na miaka 60 walikuwa asilimia 10, walioacha wakiwa na miaka 50 asilimia 6, miaka 40 asilimia 3, na miaka 30 chini ya asilimia 2.

Ona kwamba aliyeacha akiwa na miaka 60 bado ana hatari kubwa kuliko asiyewahi kuvuta. Yeye ndiye anayehitaji nyumba yenye radoni kidogo kuliko wote, kwa sababu miaka aliyovuta haifutiki lakini radoni inaondolewa. Nasikitika kuona watu walioacha sigara kwa taabu kubwa wakiendelea kulala juu ya sakafu yenye nyufa bila kupima. Na kama bado unavuta na kuacha kumekushinda, usingoje. Rekebisha nyumba sasa, endelea kujaribu kuacha, tafuta msaada wa mshauri na dawa za kupunguza hamu ya nikotini.

Kiwango gani ni salama?

Hakuna kiwango kilichothibitika kuwa hakina madhara. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009, linapendekeza kikomo cha bekereli 100 kwa meta ya ujazo, na nchi isiyoweza kukifikia isizidi 300. Marekani hushauri marekebisho kuanzia pikokyuri 4 kwa lita, ambazo ni bekereli 148, Uingereza na Kanada kuanzia 200. Hewa ya nje kwa kawaida huwa na 5 hadi 15.

Viwango hivi ni vya umma mzima. Kwenye bekereli 148 kwa maisha yote, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani hukadiria, kwa hesabu iliyo tofauti na ile ya tafiti za Ulaya, kwamba radoni ingeua karibu wavutaji 62 kati ya 1,000, na karibu watu 7 kati ya 1,000 wasiowahi kuvuta. Kwa maoni yangu, nyumba yenye mvutaji au aliyewahi kuvuta isijifariji kwa kuwa chini kidogo ya mstari.

Nitapimaje?

Kuna vifaa vidogo vya mkaa maalumu vinavyowekwa kwa siku 2 hadi 7, vingine vinavyosajili alama za chembe za alfa kwa miezi mitatu hadi mwaka, na vya elektroniki vinavyoonyesha namba kila wakati. Kwa kuwa radoni hupanda na kushuka kwa saa na kwa majira, kipimo kirefu hutoa picha ya kweli zaidi. Weka kifaa kwenye chumba cha chini kabisa mnachokitumia, kwa mfano cha kulala, nusu meta au zaidi kutoka sakafuni, mbali na dirisha, jiko na bafu. Kwa kipimo kifupi funga madirisha kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza kupima. Jibu la nyumba ya jirani si jibu la nyumba yako, hata mkishirikiana ukuta.

Kufungua madirisha, kuziba nyufa, au kununua mashine ya kusafisha hewa kutatosha?

Madirisha husaidia yakiwa wazi, na ukiyafunga radoni hurudi ndani ya saa chache. Kuziba nyufa ni vyema ila peke yake hakutoshi, kwa sababu gesi hupata upenyo mwingine. Mashine ya kusafisha hewa huchukua vumbi na moshi lakini huiacha gesi, nayo huzaa chembe mpya palepale. Na feni inayotoa hewa nje ya nyumba bila hewa nyingine kuingia inaweza hata kuongeza mfyonzo kutoka ardhini.

Njia inayotegemewa ni bomba linalopitishwa kwenye sakafu hadi chini ya zege, lenye feni inayovuta hewa ya udongoni na kuitoa juu ya paa kabla haijaingia ndani. Mfumo huo ukijengwa vizuri huweza kupunguza radoni hadi kwa asilimia 99. Nyumba mpya ikijengwa na bomba hilo tangu msingi, kazi huwa nyepesi zaidi.

Maji ya kisima je?

Maji ya visima virefu vilivyochimbwa kwenye mwamba yanaweza kubeba radoni, nayo huingia hewani unapooga au kufua. Maji ya mito na maziwa huwa nayo kidogo sana. Anza na hewa. Ikiwa juu na unatumia kisima, ndipo upime maji.

Kuna kipimo cha hospitali cha kujua kama radoni imeshanidhuru?

Kipimo cha damu au mkojo cha kukuambia hivyo hakipo katika matibabu ya kawaida. Vidonge vya iodini, vinavyotolewa kwenye ajali za nyuklia, havihusiani na radoni kabisa. Kilichopo ni uchunguzi wa mapafu kwa CT (picha za eksirei zinazopigwa kwa tabaka) ya mionzi kidogo, kwa watu waliovuta sana. Marekani, kwa mfano, tangu 2021 hupendekezwa kila mwaka kwa wenye miaka 50 hadi 80 waliovuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, na ambao bado wanavuta au wameacha ndani ya miaka 15. Radoni haimo katika vigezo hivyo, kwa hiyo mtajie daktari mwenyewe namba uliyopima nyumbani.

Kikohozi kisichoisha, makohozi yenye damu, sauti kukwaruza kwa wiki kadhaa, maumivu ya kifua au kukonda bila sababu ni vya kupelekwa hospitali mara moja.

Tukisharekebisha, turudie kupima lini?

Subiri angalau saa 24 baada ya feni kuwashwa, kisha pima ndani ya siku 30. Feni isizimwe, hata mkisafiri. Baada ya hapo pima tena kila miaka miwili, na pia kila mnapobadilisha sakafu, kuongeza chumba au kuhamisha chumba cha kulala kwenda chini.